Mluzi wa Muuaji: Sinema ya "M" (1931) na Ufundi wa Fritz Lang

Haya wadau, leo tuweke pembeni siasa na mpira, tuongee sinema. Na wala si sinema mpya. Ni mkanda wa mwaka 1931, wa rangi nyeusi na nyeupe, unaongea Kijerumani mwanzo mwisho, na hauna muziki wa kusindikiza hata kidogo. Najua kuna mtu ameshashika mausi anataka kuhamia ukurasa mwingine. Subiri kwanza!

Sinema yenyewe inaitwa M. Ndiyo, herufi moja tu. Aliyeiongoza ni Fritz Lang, na hiyo ndiyo ilikuwa sinema yake ya kwanza yenye sauti. Kila ukitazama muvi ya polisi wanaomsaka muuaji wa watu wengi, alama za vidole zikikuzwa ukutani, ramani ikichorwa duara, wimbo fulani ukisikika kila adui anapokaribia, ujue sehemu kubwa ya mambo hayo Lang aliyapanga vizuri zamani hizo, wakati watengenezaji wengi walikuwa bado hawajui maikrofoni waifiche wapi.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo ndilo limenifanya niandike. Mkanda huu unauliza swali tunalolijua vizuri huku kwetu: je, wananchi wenye hasira kali wana haki ya kumhukumu mtu? Hata kama mtu huyo ni mbaya kweli kweli? Twende taratibu.

ANGALIZO: nitasimulia hadithi yote mpaka mwisho. Asiyetaka kujua mwisho akatazame kwanza, halafu arudi.

SAUTI ILIPOINGIA

Kabla ya mwisho wa miaka ya 1920, sinema zilikuwa bubu. Maneno yaliandikwa kwenye kadi zilizokatiza picha, na ukumbini kulikuwa na mpiga piano au bendi nzima. Oktoba 1927, kule Marekani, ikatoka The Jazz Singer, ambayo ilikuwa na sehemu za kuimba na kuongea. Watu wakapagawa. Ndani ya miaka michache studio zote kubwa zikahamia kwenye sauti. Ujerumani nayo haikukaa nyuma: mwaka 1930 ilitoa Der blaue Engel ya Josef von Sternberg, ile iliyompaisha Marlene Dietrich.

Lakini sauti ilikuja na matatizo yake. Kamera za wakati ule zilikuwa na kelele, kwa hiyo zilifungiwa ndani ya kibanda ili mlio usiingie kwenye maikrofoni. Kamera iliyofungiwa haitembei. Waigizaji nao wakalazimika kusimama karibu na maikrofoni iliyofichwa na kuongea wakiielekea. Matokeo yake, sinema nyingi za mwanzo wa sauti zinafanana na tamthilia ya jukwaani iliyopigwa picha: watu wamesimama, wanaongea, wanaongea, wanaendelea kuongea... Ule uhuru wa kamera uliofikiwa kwenye sinema bubu ukapotea ghafla.

Waongozaji wengi waliiona sauti kama kitu cha kuongeza juu ya picha. Mdomo ukifunguka, neno linasikika. Mlango ukifungwa, unasikia "pa!" Basi. Lang akawaza tofauti. Kama tayari naona mdomo unafunguka, sauti inaniambia nini kipya? Kwa nini nisisikie kitu nisichokiona, au nikaona kitu bila kukisikia? M yote imejengwa juu ya swali hilo.

FRITZ LANG NI NANI?

Alizaliwa Vienna, Austria, Desemba 1890. Baba yake alikuwa mjenzi, na yeye mwenyewe aligusia masomo ya ujenzi na uchoraji kabla ya kuingia kwenye sinema. Hilo utaliona kwenye picha zake: kila kitu kimepangwa kwa mistari, ngazi, madirisha na vivuli, kama ramani ya fundi majengo. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa Austria na akajeruhiwa. Mwaka 1927 alitoa Metropolis, lile jisinema la mji wa baadaye wenye roboti wa kike, ambalo lilimaliza fedha nyingi za kampuni ya Ufa.

Skripti ya M aliiandika na mke wake, Thea von Harbou. Safari hii hakufanya na Ufa. Mkanda ulitayarishwa na Nero-Film chini ya prodyuza Seymour Nebenzal, na mpiga picha alikuwa Fritz Arno Wagner. Ulionyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 11 Mei 1931.

HADITHI YENYEWE

Kuna mji una hofu. Mtu asiyejulikana anaua watoto wa kike. Polisi wanahangaika miezi na miezi bila mafanikio. Kila usiku wanafanya misako kwenye baa na madanguro, wanakagua vitambulisho, wanakamata ovyo. Sasa wanaoumia zaidi ni wahalifu wa kawaida: wezi, wavunja nyumba, matapeli. Biashara zao zimelala! Viongozi wa magenge wanakutana na kuamua kwamba huyo muuaji watamtafuta wao wenyewe. Si kwa sababu wana huruma sana. Anawaharibia soko.

Watawatumia nani? Ombaomba. Ombaomba wapo kila kona na hakuna anayewatazama usoni. Kila mmoja anapewa eneo lake la kulinda. Kwa upande mwingine polisi, wakiongozwa na Inspekta Lohmann, wanafuata ushahidi mdogo mdogo: vipande vya sigara, unga wa penseli nyekundu, alama za maandishi kwenye ubao wa dirisha. Pande mbili zinamkaribia mtu mmoja, na kila upande una njia zake.

Mtu huyo ni Hans Beckert, ameigizwa na Peter Lorre. Usitegemee jitu lenye makovu. Ni kijana mnene kidogo, mwenye macho makubwa, uso kama wa mtoto, anakula matunda njiani. Ukipanda naye basi hutamgeukia mara mbili. Lorre alikuwa mwigizaji wa jukwaani pale Berlin, umri wake ulikuwa miaka 26 hivi, na kwenye sinema alikuwa karibu hajulikani. Baada ya M dunia nzima ilimjua.

ELSIE HARUDI NYUMBANI

Tuanze na dakika zile za mwanzo, maana ndizo zinazofundishwa mpaka leo.

Picha haijaonekana bado, kiza tupu, tunasikia sauti ya mtoto akiimba wimbo wa kuhesabia. Kisha tunawaona watoto wamesimama duara uani, kamera ikiwatazama kutoka juu. Wimbo ni wa mchezo, lakini maneno yake yanahusu muuaji. Mama mmoja kwenye roshani anawakemea waache. Wananyamaza, akiondoka wanaanza tena. Mama huyo anapeleka nguo za kufua kwa mwenzake, Bi. Beckmann, na kulalamika. Bi. Beckmann anamjibu kitu kama hiki: afadhali waimbe, maana tukiwasikia tunajua bado wapo.

Shika hilo neno. Tukiwasikia tunajua bado wapo. Basi tukiacha kuwasikia je?

Saa ya ukutani inagonga saa sita mchana. Bi. Beckmann anatabasamu, anaandaa meza, mwanaye Elsie anatoka shule. Elsie anatembea akidundisha mpira. Anaudundisha kwenye nguzo iliyobandikwa tangazo: zawadi ya mark 10,000 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwa muuaji. Juu ya tangazo hilo hilo kinaingia kivuli cha mwanaume mwenye kofia. Kivuli kinasema kwa upole kwamba mpira wake ni mzuri, kisha kinamuuliza jina lake. Uso hatuuoni. Mara ya kwanza tunapokutana na muuaji, yeye ni sauti na kivuli tu, na kivuli kimeangukia juu ya tangazo linalomtafuta yeye.

Baadaye anamnunulia Elsie puto kwa kipofu mmoja muuza maputo, huku akipiga mluzi.

Nyumbani mama anatazama saa. Anasikia hatua za watoto kwenye ngazi, anakimbia mlangoni: siyo Elsie. Kengele inalia, anakimbia: ni muuza magazeti ya hadithi. Anafungua dirisha na kuanza kuita, "Elsie! Elsie!" Na hapa Lang anafanya kitu ambacho mimi nikikitazama mwili unasisimka. Sauti ya mama inaendelea kuita, lakini picha zinazokuja hazina mtu. Ngazi za jengo, tupu. Dari lenye nguo zilizoanikwa, hakuna mtu. Sahani ya Elsie mezani, kijiko pembeni, kiti kitupu. Sauti ya mama inazidi kufifia. Halafu kimya. Mpira unabingirika kutoka vichakani na kusimama. Puto limenasa kwenye nyaya za simu, linatetemeka kidogo, upepo unalichukua.

Imeisha. Hakuna damu, hakuna kisu, hakuna ukelele. Lang alieleza mara nyingi baadaye kwamba angeonyesha mauaji, angekuwa amempa kila mtazamaji picha moja tu. Asipoonyesha, kila mtu anajitengenezea picha yake kichwani, na hiyo huwa mbaya kuliko yoyote ambayo kamera ingeweza kupiga. Linganisha na muvi zetu za leo ambazo ndoo ya rangi nyekundu inamwagwa kila dakika tano. Ipi inakufuata mpaka kitandani?

MLUZI

Sasa tuje kwenye lile lililoifanya M iwe maarufu. Beckert akipandwa na ule wazimu wake hupiga mluzi. Ni wimbo wa mtunzi wa Norway, Edvard Grieg, kutoka kwenye muziki wake wa Peer Gynt, kipande kinachohusu ukumbi wa mfalme wa milimani. Unaanza taratibu kisha unakimbia, kama mapigo ya moyo. Kichekesho ni kwamba Peter Lorre hakujua kupiga mluzi! Mluzi tunaousikia aliupiga Fritz Lang mwenyewe.

Katika opera, mhusika kuwa na wimbo wake lilikuwa jambo la kawaida. Lakini kwenye sinema ya sauti, ambayo ilikuwa na miaka michache tu, kutumia sauti moja ndogo kama kitambulisho cha mtu ilikuwa hatua kubwa. Baada ya kuusikia mara mbili, Lang hahitaji tena kumwonyesha Beckert. Mluzi ukisikika tu, hata kama picha ni barabara tupu, wewe mtazamaji unajua. Umefundishwa.

Tazama ile sehemu ya kioo cha duka. Beckert anatafuna tunda, anatazama visu vilivyopangwa dirishani. Kwenye kioo, katikati ya visu, inatokea taswira ya mtoto wa kike. Uso wa Beckert unabadilika. Mtoto anaondoka, na tunasikia mluzi ukianza. Kwa bahati mtoto anakutana na mama yake. Mluzi unakatika kama umekatwa na mkasi. Beckert anaingia mgahawani, anaagiza konyagi, anakunywa, anaagiza nyingine. Kamera inamtazama kupitia majani yaliyotambaa, kama mwizi anayechungulia. Mluzi unarudi, anajishika kichwa kwa mikono yake. Hajasema neno hata moja kuhusu anavyojisikia, lakini tumeelewa kwamba mluzi ndio ugonjwa wenyewe.

Na nani anamkamata? Kipofu! Yule muuza maputo anausikia mluzi ukipita na kukumbuka: siku ile Elsie alipouawa, mtu aliyenunua puto alikuwa anapiga huu huu. Polisi wote wenye macho, darubini na maabara wameshindwa; asiyeona amemtambua kwa masikio. Anamwambia kijana mmoja amfuate. Kijana anachora herufi M kwa chaki kiganjani mwake (M ya Mörder, yaani muuaji), anajifanya kujikwaa, anampiga Beckert begani. Sasa M imebaki kwenye koti. Baadaye kidogo Beckert anajitazama kwenye kioo, anageuza bega, anaiona. Macho yanamtoka. Picha hiyo ndiyo inayotumika kutangazia mkanda mpaka leo.

Hata mafichoni sauti ndiyo inamsaliti. Amejificha kwenye stoo za darini za jengo la ofisi, amefungiwa, anajaribu kunyoosha msumari ili afungulie kitasa. Ko, ko, ko... Wahalifu wanaomsaka wanasikia mgongo huo. Kwa heri.

KIMYA NACHO NI SAUTI

Jambo jingine linalowashangaza watu wanaoitazama M mara ya kwanza ni kimya. Kuna sehemu ambazo hazina sauti kabisa, hata ya hatua au upepo. Mtu anaweza kudhani kopi ni mbovu. Hapana, ndivyo ilivyo. Lang hakuona sababu ya kujaza kila sekunde kelele.

Kuna kituko kizuri: kipofu wetu anasikiliza kinanda cha mtaani kinachopiga nje ya tuni. Anakerwa, anaziba masikio. Na sisi hatusikii kitu! Anaachia mikono, kelele zinarudi. Kwa sekunde chache Lang ametuweka ndani ya kichwa cha kipofu.

Pia alijua kuunganisha sehemu mbili kwa sauti. Mkuu wa polisi anaongea na waziri kwenye simu, anaeleza kazi wanayofanya. Sauti yake inaendelea, lakini picha zinahama: askari wanapekua vichaka, wataalamu wanapima alama za vidole, kompasi inachora duara kwenye ramani. Leo taarifa ya habari yoyote inafanya hivyo na hatuoni ajabu. Mwaka 1931 ilikuwa ajabu.

Bora zaidi ni mikutano miwili. Wakuu wa polisi wamekaa mezani, moshi wa sigara umetanda. Wakuu wa majambazi nao wamekaa mezani, moshi umetanda vile vile. Lang anakata huku na kule. Jambazi anaanza sentensi akinyoosha mkono, afisa wa polisi anaimalizia kwa ishara ile ile. Mpaka unafika mahali unachanganyikiwa, huyu ni nani na yule ni nani? Hakuna mhusika anayetuambia kwamba serikali na genge vinafanana. Mikato tu ya picha na sauti inatosha.

MTU ALIYEULIZWA SAA

Hapa ndipo panaponigusa zaidi. Wakati mji una hofu, watu wa kawaida wanaanza kugeukiana. Wazee wanaokunywa meza moja kila siku wanasoma gazeti, dakika mbili baadaye mmoja anamshutumu mwenzake kuwa ndiye. Mzee mfupi mwenye miwani anaongea na mtoto wa kike mtaani, habari yenyewe ni saa tu. Pandikizi la mtu linamsimamia mbele: unamtaka nini huyo mtoto? Kamera inamtazama yule mzee kutoka juu, kama sisimizi, kisha inalitazama lile pandikizi kutoka chini, kama mnara. Watu wanakusanyika. Mzee anajitetea lakini nani anasikiliza?

Halafu kuna kibaka. Polisi wamemkamata kwenye basi kwa kosa la kuchomoa mfuko. Kwa hasira anamwambia askari: badala ya kunisumbua mimi, kamateni yule muuaji wa watoto. Watu waliopo jirani wanasikia neno moja tu: muuaji. Basi! Wanamvamia.

Unaona Lang anachofanya? Masikio ya kipofu yamesikia vizuri na kupata ukweli. Masikio ya umati yamesikia nusu neno na kutaka kuua. Wale wanaojua mitaa yetu wanajua neno moja, "mwizi!", linavyoweza kufanya kazi hiyo hiyo. Mtu anapaza sauti, hakuna anayeuliza ameiba nini, kwa nani, lini. Kesho yake gazeti linaandika kwamba marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira kali, na habari inaishia hapo. Hasira kali haina jina wala anwani, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza.

MAHAKAMA YA WAHALIFU

Beckert anaburutwa hadi kwenye kiwanda cha pombe kilichoachwa. Anasukumwa ngazini, anainua macho. Kamera inapita taratibu juu ya nyuso, mamia ya nyuso, kimya kabisa, zinamtazama. Mji mzima wa wezi umekaa kuwa hakimu. Mwenyekiti ni Schränker, bingwa wa kuvunja sefu, amevaa glavu nyeusi. Ameigizwa na Gustaf Gründgens. Wamempa Beckert hata wakili wa kumtetea, ingawa kila mtu anajua hukumu iko tayari.

Mpaka hapo wewe mtazamaji unamchukia Beckert, na una haki. Umeiona sahani ya Elsie. Halafu Lorre anafungua mdomo. Anapiga magoti, macho yamemtoka, sauti inapanda na kushuka, na anaeleza kwamba yeye hachagui. Kuna kitu ndani yake kinamfuata mitaani, anajikimbia mwenyewe na hawezi kujitoroka, na vivuli vya akina mama na watoto vinamwandama. Akishafanya, hakumbuki, anasoma kwenye mabango ndipo anajua. Kisha anawageuzia kibao: ninyi mnaiba kwa kupenda, mngetaka mngefanya kazi mkaacha. Mimi je? Baadhi ya wezi kwenye umati wanatikisa kichwa kukubali.

Wakili wake anasimama. Anasema mtu asiyeweza kujizuia ni mgonjwa, apelekwe kwa daktari na si kwa mnyongaji. Anakumbusha pia kwamba mheshimiwa mwenyekiti mwenyewe anatafutwa kwa vifo vya watu watatu. Umati unapiga kelele. Mwanamke mmoja anauliza: na akina mama je? Waulizeni akina mama kama wanataka asamehewe!

Na hapo Lang hakuondolei mzigo. Mama yule ana hoja. Wakili ana hoja. Schränker naye, akisema mtu huyu akipelekwa hospitali anaweza kutoroka na kuua tena, ana hoja inayomwingia kila mzazi. Lakini umeshaona ni nani wanaohukumu, na wanahukumu kwa nini. Umati unamrukia Beckert... na ghafla mikono yote inainuka juu. Polisi wamefika. Hatuwaoni, tunaona mikono tu. Kisha mkono mmoja unatua begani kwa Beckert na sauti inasema, kwa jina la sheria. Bega ambalo awali lilipigwa M ya chaki na umati, sasa limeshikwa na sheria.

Picha ya mwisho ni mahakama ya kweli. Majaji wanaingia. Hukumu hatuisikii. Tunawaona akina mama watatu wamevaa nyeusi, na Bi. Beckmann anasema kwamba haya yote hayatawarudisha watoto wao, na kwamba inabidi tuwaangalie watoto vizuri zaidi. Mwisho. Mkanda ulioanza na mama anayesikiliza sauti ya watoto unaisha na mama huyo huyo, na watoto hawasikiki.

UJERUMANI YA WAKATI ULE

M haikutoka hewani. Mwaka 1930 polisi walimkamata Peter Kürten, muuaji aliyeutia hofu mji wa Düsseldorf. Alihukumiwa Aprili 1931 na kunyongwa... samahani, kukatwa kichwa, Julai 1931. Lang alikataa kwamba Beckert ni Kürten, na Ujerumani ya miaka ya 1920 ilikuwa na wauaji wengine wa aina hiyo. Lakini watazamaji wa Mei 1931 walijua hofu hiyo vizuri.

Juu ya hapo, nchi ilikuwa na njaa, ukosefu wa ajira, na chama cha Nazi kilikuwa kinapanda. Jina la awali la mkanda lilikuwa na maana ya "Muuaji yuko kati yetu". Lang alisimulia kwamba mwenye studio alimnyima nafasi ya kupigia picha kwa sababu ya jina hilo. Walipobishana, Lang akaona beji ya Nazi nyuma ya ukosi wa koti lake. Jamaa alidhani mkanda unawasema wao! Lang alipomweleza ni habari ya muuaji wa watoto, akapewa funguo. Lang alipenda kuzikoleza hadithi zake, kwa hiyo ichukue kama yeye alivyoisimulia.

Cha kushangaza, Joseph Goebbels aliitazama mwaka huo huo wa 1931 na kuisifu kwenye shajara yake, akidhani inaunga mkono adhabu ya kifo. Yaani aliona hasira ya umati akaipenda, hakuona kwamba anasutwa. Mwaka 1934, wakiwa madarakani, Wanazi waliipiga marufuku. Mwaka 1940 wakachomoa kipande cha Lorre akijitetea, wakakitia kwenye mkanda wao wa chuki dhidi ya Wayahudi, Der ewige Jude. Lorre alikuwa Myahudi.

Tazama watu wa mkanda mmoja walivyotawanyika. Lorre alikimbia mwaka 1933, akaishia Hollywood, utamwona kwenye The Maltese Falcon (1941) na Casablanca (1942). Lang naye aliondoka 1933 baada ya mkanda wake uliofuata, Das Testament des Dr. Mabuse, kuzuiwa. Alipenda kusimulia kwamba Goebbels alimpa ukubwa na yeye akatoroka usiku ule ule, ingawa mihuri ya pasipoti yake inaonyesha alitoka na kurudi mara kadhaa mwaka huo. Thea von Harbou, waliyeachana 1933, alibaki na kujiunga na chama. Gründgens alibaki na kuwa nyota mkubwa wa jukwaa chini ya utawala huo.

Na Lang alipofika Marekani, mkanda wake wa kwanza kule ulikuwa Fury (1936), na Spencer Tracy ndani. Unahusu nini? Mtu asiye na hatia anayetaka kuuawa na umati. Swali lilikuwa bado halijamtoka.

JINSI YA KUITAZAMA

M iliwahi kukatwakatwa miaka ya baadaye. Kopi zilizotengenezwa upya kwa uangalifu zina urefu wa dakika 110 hivi. Ukipata ya dakika chini ya mia, ujue kuna vipande vimeliwa. Na usichanganye na M ya Joseph Losey ya mwaka 1951, ambayo Nebenzal yule yule aliitayarisha Marekani na kuihamishia Los Angeles.

Nusu saa ya katikati inaenda polepole, misako na mikutano mingi. Vumilia. Tumia spika nzuri au hedifoni kama unazo, maana ukiitazama huku mtaa unapiga muziki umekosa nusu ya mkanda. Na jaribu mchezo huu: fumba macho dakika tano za mwanzo, sikiliza tu. Kisha rudia bila sauti, tazama tu. Utaona kila upande unakuficha kitu ambacho upande wa pili unacho.

Mwisho niwaulize, wadau. Lang aliacha hukumu bila kuisikilizisha. Kama ungekuwa umekaa kwenye kile kiwanda, katikati ya zile nyuso, na mwanao ameshauawa, ungepiga kelele na umati au ungetaka polisi wafike? Usijibu haraka haraka. Itazame kwanza, halafu uwanja wa maoni ni wenu hapo chini.